Mlimani na Bondeni: Chuo Kikuu katika Utamaduni wa Taifa

Mtu akiwa Dar es Salaam akasema kwamba mwanawe yuko Mlimani, hapana aulizaye ni mlima gani. Nchi yetu ina milima mingi, na mmoja wao ndio mrefu kuliko yote barani Afrika. Lakini neno hilo likisemwa bila nyongeza humaanisha kilima kidogo kilicho yapata kilomita 13 magharibi ya katikati ya jiji, ambacho juu yake kimejengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kilima hicho hakina theluji, wala watalii hawakipandi. Hata hivyo wazazi wengi wa Tanzania wamekipanda kwa miguu ya watoto wao, na wengi zaidi wamekilipia bila ya kukitia machoni.

Katika kitabu kizungumzacho utamaduni wa taifa, msomaji hutazamia kukuta ngoma, methali, mavazi, mapishi na jando. Huenda akajiuliza Chuo Kikuu kimefuata nini humu. Jibu letu ni kwamba utamaduni ni jumla ya njia ambazo watu huzitumia kuyaelewa maisha yao na kuyaendesha. Na mahali ambapo taifa limepachagua pawe pa kufikiri kwa niaba ya wote hapawezi kuwa nje ya jumla hiyo. Tena neno lenyewe, chuo, si geni kwetu. Zamani watu wa pwani walikiita kitabu chuo, na mahali watoto walipofundishwa kusoma Kurani pakaitwa chuo vilevile. Na mtu aliyebobea katika elimu akaitwa mwanachuoni. Kwa hiyo tulipopata Chuo Kikuu hatukuazima jina. Tulilikuza lile tulilokuwa nalo.

Swali tunalokusudia kulijadili ni hili: je, tulipolikuza jina tuliikuza na maana yake? Mwanachuoni wa zamani aliishi mtaani. Watu walimjia kwa ndoa na mirathi, kwa ugonjwa na matanga, naye aliwajibu kwa lugha waliyoifahamu. Elimu yake ilikuwa yake, lakini pia ilikuwa ya mtaa. Je, elimu ya Mlimani ni ya nani?

Kwanza tukumbuke kwamba chuo hiki hakikuzaliwa mlimani. Kilizaliwa bondeni. Tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, kilifunguliwa katika jengo la TANU lililoko katika mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Shahada walizosomea zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikaungana na Makerere na Nairobi katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Mwaka 1964 kikahamia kilimani. Na tarehe 1 Julai 1970, muungano huo ulipovunjwa, kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, Mwalimu Julius Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo.

Yafaa vijana walitafakari jambo la jengo lile. Nchi ilikuwa maskini na wasomi wake walikuwa wa kuhesabika, lakini haikungoja hata majumba yamalizike kujengwa. Chama kilichokuwa kimejengwa kwa michango ya wakulima, wavuvi, makuli na mama ntilie kiliwapa wanafunzi nafasi ya kukaa na kusoma. Tunaweza kusema, bila ya kutia chumvi, kwamba dawati la kwanza la Chuo Kikuu liliwekwa juu ya sakafu ya umma. Deni lilianza hapo.

Deni hilo lilidaiwa waziwazi mapema sana. Tarehe 22 Oktoba 1966 mamia ya wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa, masharti ambayo yaliwataka wahitimu watumikie taifa kwa muda huku wakipokea sehemu tu ya mshahara wao. Mwalimu aliwasikiliza, kisha akawarudisha makwao. Na papo hapo akatangaza kwamba anaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wao walikubaliwa kurudi masomoni mwaka uliofuata. Baada ya miezi michache tu, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha, na mwezi Machi waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Kutokana na mlolongo huo wa mambo, twaweza kuona kwamba ugomvi wa Mlimani haukuwa ugomvi wa mshahara peke yake. Ulikuwa ugomvi juu ya maana ya msomi katika nchi ya wakulima.

Mwalimu alipata kuwalinganisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuwatafutia wenzake chakula. Mtu huyo akishiba asirudi, amekisaliti kijiji. Mfano huo umesemwa mara nyingi hata pengine umechakaa masikioni mwa vijana. Lakini tuutazame kwa makini, maana una pande mbili. Upande wa kwanza ni wajibu wa aliyetumwa. Upande wa pili, ambao hausemwi sana, ni haki ya wale waliobaki: wana haki ya kusimama njiani wakitazama, na haki ya kuuliza, “Umeleta nini?” Makala haya yanasimama njiani hapo. Sisi tu miongoni mwa wale walioishia shule ya sekondari na kuingia kazini, na kwa miaka mingi tumeupokea ujuzi wa Mlimani maofisini mwetu kama wapokeavyo wengine mashambani na hospitalini. Hatuuonei Chuo wivu, wala hatukioni kuwa kaburi la pirau lisilogusika.

Tuanze na sifa, kwa kuwa sifa zipo, na mwungwana huanza nazo.

Wakati wa ukoloni watoto wetu walifundishwa kwamba historia yao ilianza na kufika kwa wageni. Wanahistoria wa Dar es Salaam walikuwa miongoni mwa waliolipinga wazo hilo kwa vitendo. Mwaka 1969 kilitoka kitabu cha historia ya Tanzania kilichohaririwa na Isaria Kimambo na Arnold Temu, ambacho kiliwaweka Watanzania wenyewe katikati ya habari zao. Kabla ya hapo kidogo, Gilbert Gwassa na John Iliffe walikuwa wamezikusanya kumbukumbu za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa wangali hai na wenye kukumbuka. Hebu tulifikirie tendo hilo. Kijana aliyetegemewa kuwa bwana mkubwa anakaa juu ya kigoda mbele ya mzee asiyejua kusoma, anauliza, kisha ananyamaza na kuandika. Siku hiyo mwalimu alikuwa mzee, na Chuo Kikuu kilikuwa barazani.

Matunda yake hayakukawia. Ebrahim Hussein, aliyekuwa mwanafunzi hapohapo, aliandika tamthilia ya Kinjeketile, ambayo ilichezwa na kuchapishwa mwaka 1969. Habari iliyotoka vijijini Umatumbi ikarudi kwa umma kwa Kiswahili, ikiwa mchezo wa jukwaani, na vizazi vya wanafunzi wa sekondari vimeisoma. Huo ndio mzunguko tuutakao: bonde limetoa, mlima umepika, bonde limekula.

Katika fasihi mifano ni mingi. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alitoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971, ikazua mjadala mkubwa juu ya malezi ya wasichana, hata ikazuiwa kwa muda mashuleni. Penina Muhando aliandika Hatia, iliyochapishwa mwaka 1972, na tamthilia nyingine baada yake. Yeye na Amandina Lihamba, pamoja na wenzao, hawakuridhika na jukwaa la Chuo. Mwaka 1982 na 1983 walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi ya sanaa pamoja na wanakijiji, ili michezo na ngoma zao ziwe njia ya kuyazungumza matatizo yao wenyewe. Wanawake hao wawili walifikia cheo cha uprofesa. Mabinti wanaosoma makala haya wasilipite jambo hilo kwa haraka.

Kuhusu ushairi, sisi tunaotunga kwa vina na mizani tuna neno la kusema. Kilipotoka Kichomi cha Kezilahabi mwaka 1974, na Malenga wa Bara cha Kulikoyela Kahigi na Mugyabuso Mulokozi mwaka 1976, washairi wa mapokeo waliuona ushairi usiofuata vina kuwa ni kuivunja nyumba ya wazee. Vijana wa Mlimani nao walisema kwamba nyumba ile ilikuwa na madirisha machache. Maneno yalikuwa makali pande zote mbili. Leo tukiyatazama, twaona kwamba ugomvi ule uliifaa lugha. Waliotetea vina walilazimika kueleza kwa nini vina vinafaa, badala ya kusema tu kwamba ndivyo tulivyorithi. Na waliovikataa walilazimika kuonyesha kwamba shairi lisilo na vina laweza kuwa na uzito wake. Mashairi ya aina zote mbili yanasomwa mashuleni, na hakuna nyumba iliyoanguka.

Lakini kuna jambo moja ambalo ugomvi ule ulilifunika. Shaaban Robert, ambaye maandishi yake yamewapatia wanafunzi wengi shahada zao, hakupata kusoma chuo kikuu chochote. Alikuwa mtumishi wa serikali: alifanya kazi ya forodha, idara ya wanyama, ofisi ya wilaya na ofisi ya upimaji ardhi, akafariki mwaka 1962, Chuo kikiwa bado na umri wa miezi. Vivyo hivyo Mathias Mnyampala, Amri Abedi na Saadani Kandoro hawakuzitoa tungo zao Mlimani. Mlima unasomesha yaliyotungwa bondeni. Hilo si aibu kwa Chuo. Ni sifa yake kwamba kiliyatambua. Bali liwe onyo kwa yeyote anayedhani kwamba elimu huanzia pale lango lilipo.

Sifa nyingine kubwa ni ya lugha. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyorithi kazi ya kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 wakati wa ukoloni, iliingizwa katika Chuo mwaka 1964. Idara ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 1970. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi hiyo ilitoka mwaka 1981, na kwa mara ya kwanza mwalimu wa kijijini aliweza kutafuta maana ya neno la Kiswahili katika kamusi ya Kiswahili iliyotungwa na wenye lugha. Mwaka 1990 Taasisi ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia. Mwaka 2009 Taasisi na Idara ziliunganishwa zikawa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili aliye Nachingwea au Kasulu, hata kama hajafika Dar es Salaam, hufanya kazi kila siku kwa zana zilizochongwa Mlimani.

Nazo sayansi zisisahauliwe. Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973. Kilimo kilichofundishwa Morogoro kama kitivo cha Chuo hiki kikakua, na mwaka 1984 kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Utabibu wa Muhimbili na taaluma za ardhi navyo vikajitenga na kuwa vyuo vikuu kamili mwaka 2007. Mwaka 2005 vilianzishwa vyuo vishiriki vya elimu, kimoja Chang'ombe na kingine Mkwawa, Iringa, ili upungufu wa walimu wa sekondari upunguzwe. Mama aliyezaa na watoto wakazaa hahesabiwi kwa urefu wake bali kwa ukoo wake.

Sasa tuyatazame maisha yenyewe ya Mlimani, maana wasomaji wetu vijana wanayatamani.

Anayefika mara ya kwanza huonyeshwa Ukumbi wa Nkrumah, wenye paa la mikunjo kama karatasi iliyokunjwa na mtoto. Ukumbi huo ulipata heshima ya kuchapishwa katika noti ya shilingi 500, kwa hiyo mama muuza mchicha asiyewahi kuuona aliubeba katika pindo la kanga yake. Humo na katika kumbi za jirani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, kulikuwa na mijadala iliyovuta macho ya Afrika nzima. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, alifundisha hapo, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na wa Dar es Salaam. Yoweri Museveni wa Uganda alikuwa mwanafunzi kuanzia mwaka 1967 hadi 1970, akaongoza umoja wa wanafunzi wenye msimamo wa kimapinduzi. Issa Shivji, aliyekuwa mwanafunzi wakati huo, alichapisha uchambuzi wake wa matabaka katika jarida la wanafunzi lililoitwa Cheche. Jarida hilo lilipigwa marufuku mwaka 1970. Shivji alibaki akawa profesa wa sheria, na mwaka 2008 alikuwa mtu wa kwanza kukikalia Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha taaluma za Umajumui wa Afrika. Anayetaka kujua uvumilivu wa nchi na ubishi wa wasomi wake aisome habari hiyo polepole, kuanzia jarida hadi kigoda.

Si yote yaliyokuwa mema. Mwaka 1978 wanafunzi waliandamana kupinga marupurupu ya viongozi, na wengi wakafukuzwa kisha wakasamehewa. Mwaka 1990 Chuo kilifungwa mwezi Mei, kikafunguliwa tena mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 1990, mwanafunzi wa kike alijitoa uhai baada ya kuandamwa na kundi lililokuwa likiwadhihaki watu, hasa wanawake, kwa maandishi na michoro ya ukutani. Mzaha ulikuwa umezoeleka kwa miaka mingi ukiitwa utani. Lakini utani wa kwetu una mipaka yake: mtani hujulikana kwa jina na ukoo, na siku ya msiba ndiye anayechimba kaburi na kuwafariji wafiwa. Anayekudhihaki huku amejificha si mtani. Twaliandika jambo hili kwa sababu vijana wa leo wana kuta nyingi zaidi za kuandikia, nazo zimo mifukoni mwao.

Wanachuo pia wamejitungia lugha yao. Fedha za kujikimu zitokazo Bodi ya Mikopo huziita bumu. Mtihani wa kurudia ni sapu, na kuondolewa masomoni kwa kushindwa ni kudisko. Maandishi ya kujisomea yanayopita mkono hadi mkono, kutoka kwa waliotangulia, huitwa madesa. Wapo wazee wa lugha wanaoyakunjia uso maneno hayo. Sisi hatuna haraka ya kuyahukumu, kwa sababu mengine yatakufa yenyewe kama yalivyokufa mengi ya zamani zetu, na mengine yatabaki kwa kuwa yana kazi. Limo moja linalotupendeza: kubebana. Mwanafunzi aliyepata kitanda humkaribisha mwenzake aliyekosa, wakalala wawili mahali pa mmoja. Neno hilo ni Kiswahili kitupu, na kauli yake ya kutendana inaeleza jambo ambalo takwimu za mabweni haziwezi kulieleza, kwamba anayebeba leo ndiye atakayebebwa kesho.

Serikali imejitahidi kuipunguza dhiki hiyo. Tarehe 15 Aprili 2017 yalizinduliwa mabweni mapya 20 yanayoweza kulaza wanafunzi 3,840, na Novemba 2018 ikazinduliwa maktaba mpya, iliyojengwa kwa msaada wa China, ambayo inaweza kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Tarakimu hizo zinapendeza. Ukizilinganisha na wale wasiofika 15 wa mwaka 1961, huna budi kushukuru.

Hata hivyo tulisema kwamba aliyebaki kijijini ana haki ya kuuliza, “Umeleta nini?” Basi na tuulize.

Katika ofisi za wilaya tumepata kuona taarifa za kitaalamu zikiandikwa juu ya kijiji fulani: udongo wake, maji yake, magonjwa ya mihogo yake. Taarifa ni nzuri, imepangwa vizuri, ina majedwali. Lakini imeandikwa kwa Kiingereza. Ikifika kijijini, mwenyekiti huipokea kwa mikono miwili, huipiga muhuri, huiweka kabatini. Tumepata kumwona mwalimu wa shule ya msingi akiitwa aifasiri mbele ya kamati ya maji, naye akahangaika, si kwa uvivu, bali kwa kuwa maneno ya taaluma ile hakufundishwa. Kijiji kizima kikakaa kimya mbele ya habari zake chenyewe. Lakini pia tumemwona mhitimu kijana, afisa kilimo, akivua viatu na kuingia shambani, akawaeleza wazee kwa Kiswahili chepesi jinsi mvua inavyoubeba udongo wa juu na kwa nini matuta yakingame mteremko. Mzee mmoja akasema kwamba jambo hilo walilijua. Hawakujua tu kwamba na Mlimani linajulikana. Wote wawili walikuwa na shahada. Mmoja alikuwa amesoma; mwingine alikuwa amesoma na kurudi.

Tofauti baina yao si ya tabia peke yake. Ni ya mfumo. Lugha ya kufundishia masomo mengi ya Chuo Kikuu ni Kiingereza, kama ilivyo katika sekondari zetu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia sekondari mwaka 1985 na kipande hadi Chuo Kikuu katika miaka ya 1990. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Zimekuwako hoja za kulipinga ambazo si za kudharauliwa: kwamba vitabu ni vichache, kwamba dunia ni pana, kwamba mzazi anataka mwanawe ashindane na wa nchi nyingine. Sisi hatusemi Kiingereza kitupwe. Mwenye madirisha mawili hazibi moja. Twasema kwamba nyumba isiyo na mlango wa kuingilia wenyewe si nyumba, hata ikiwa na madirisha kumi.

Tena mambo yamebadilika. Novemba 2021 UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha zake za kazi. Hapa nyumbani, mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hebu tulitazame jambo hili la mwisho. Kitivo cha kwanza cha Chuo kilikuwa cha sheria. Mwananchi anayeshtakiwa au anayedai shamba la baba yake ana haki ya kuielewa hukumu inayomhusu. Lakini wakili na hakimu wamejifunza taaluma yao kwa lugha nyingine, nao hulazimika kuifasiri vichwani mwao wakiwa wamesimama mbele ya mtu ambaye riziki yake yote iko katika neno moja. Je, si wakati wa Kitivo kile, ambacho kilianzia bondeni katika nyumba ya umma, kuwa cha kwanza tena, safari hii katika kuitia taaluma yake ndani ya lugha ya wenye kesi?

Kazi hiyo haianzi kwa amri peke yake. Kamusi ya istilahi za sayansi iko tangu mwaka 1990, na wengi wa walimu wanaofundisha sayansi hawajaifungua. Istilahi ni kama jembe: haliwi kali kwa kutundikwa ukutani. Huwa kali kwa kulima. Maprofesa wakiandika muhtasari wa kila utafiti kwa Kiswahili, hata kurasa mbili tu, na kuupeleka mahali walipochukua habari zao, istilahi zitapata shamba. Wanafunzi wa shahada za juu wakitakiwa kurudi kijijini walikohoji na kuwasomea wenyeji walichokigundua, wazee wataona kwamba hawakuibiwa maneno. Hayo hayahitaji majengo mapya wala fedha nyingi. Yanahitaji kukumbuka tu yale yaliyofanywa mwaka 1968 kwa wazee wa Maji Maji, na mwaka 1982 kule Malya.

Nanyi walimu wa sekondari mna sehemu yenu. Ninyi ndio ngazi: juu yenu uko mlima na chini yenu liko bonde, na pande zote mbili hupita kwenu. Mnapomsifu mwanafunzi aliyechaguliwa kwenda Mlimani, msimsifu kama mtu aliyeokoka kutoka kijijini. Mwambieni anatumwa. Mfundisheni kabla hajaondoka kuieleza mada ya fizikia kwa bibi yake, na akishindwa mwambieni hajaielewa bado. Na yule ambaye hakuchaguliwa msimwache aamini kwamba elimu imemfungia mlango. Mwonyesheni kaburi la Shaaban Robert kule Tanga, mwambieni aliyelala hapo anafundishwa Mlimani hadi leo.

Nanyi vijana mtakaopanda, pandeni kwa furaha. Someni usiku, bishaneni mchana, bebaneni, tungeni maneno yenu, andikeni mashairi yenye vina na yasiyo na vina. Hakuna anayewataka mrudi mkiwa maskini ili mwonekane wema. Tunachowataka ni kwamba siku mtakaposhuka, na mama akawauliza njiani mmejifunza nini huko muda wote huo, muwe na jibu ambalo yeye ataweza kulisikia, kulipima na kulijibu.